Dirisha la Saba

Jumamosi asubuhi, lango la mji wa zamani huwa purukushani tupu. Wauza maua, wapiga picha, wazazi wanaoita watoto wao, na katikati yao kuna watu utakaowajua mara moja: wako wawili wawili, wameinamia kijitabu chembamba cha manjano, mmoja anasoma na mwenzake anaangalia juu akihesabu kitu kwa kidole. Hao ndio watembezi wa mafumbo. Kijitabu wamekinunua kibandani, lakini hakiwaambii waende wapi. Kinawauliza, na kila jibu limefichwa kwenye kuta: tarehe iliyochongwa, mnyama wa jiwe, idadi ya vipandio vya ngazi. Ukipata jibu unasonga mbele. Ukikosea utauzunguka mji mzima na bado utarudi langoni na miguu inauma.

Siku hiyo bibi mmoja na mumewe walikuwa wamekwama chini ya jukwaa la mbao lililoegemezwa ukutani.

"Simba ni wanne, mume wangu!"

"Watano. Vaa miwani."

"Watatu!" sauti ikashuka kutoka juu. "Yule wa pembeni si simba, ni mbwa. Meno yake nimeyasafisha mwenyewe. Na yule mwingine ni doa la maji."

Wazee wakacheka, wakaandika tatu, wakaenda zao wameshikana mikono. Lakini kijana mmoja mwenye miwani na penseli sikioni alibaki pale pale, amekunja uso.

"Wewe uliye juu! Kumbe wewe ndiye unayetoboa siri zangu?"

"Siri zako?"

"Mafumbo hayo nimeyatunga mimi. Watu hununua kijitabu ili wapotee kidogo, wafurahi. Wewe unawapa jibu kabla hawajakuna kichwa!"

"Basi usizifiche kwenye ukuta wangu. Wiki ya tatu hii nashinda nao mchana kutwa, umeshakuwa wangu."

Fundi wa kike akashuka ngazi. Alikuwa amevaa ovaroli la kijivu lililokunjwa mikono, kitambaa cha zambarau kichwani, mwiko wa kupakia lipu mkononi, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Kijana alikuwa ameandaa maneno makali matatu au manne. Aliziangalia zile nyusi, maneno yakamkimbia. Mwanamume akishafika kwenye nyusi, hasira haina kazi tena.

"Kama wewe ni mjuzi hivyo," alisema kwa sauti iliyopungua, "tembea mwenyewe. Usipokosea hata mara moja, chakula cha mchana ni juu yangu."

"Na nikikosea?"

"Juu yako."

"Kwa hiyo vyovyote vile tunakula pamoja."

"Mimi mtunzi wa mafumbo, dada yangu. Nimeliangalia kila upande."

Hakukosea. Wala Jumamosi iliyofuata, wala zile tano zilizokuja baadaye. Ikawa kila Mtunzi akitunga matembezi mapya, Fundi ndiye wa kwanza kuyajaribu, kwa kanuni iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa kila kijitabu: zima simu, mji haumo humo. Walipita vichochoro ambavyo jua huingia saa sita tu na kuondoka. Nguo zilizoanikwa ziliwadondoshea matone shingoni. Kutoka dirisha fulani mtu alikuwa akijifunza piano, akirudia kipande kile kile kila wiki, na wiki ya nne alipokipata wakasimama wakampigia makofi bila kumjua. Fundi alikuwa akitembea huku kiganja kikipita ukutani, na Mtunzi aliona wivu. Ndiyo, aliuonea ukuta wivu. Mapenzi hayachagui wa kumwaibisha.

Jioni ilikuwa simu.

"Mpenzi, umenikumbuka?" Fundi aliuliza.

"Kuna nyumba moja taa yake haizimwi, na mwenyewe hayumo. Ni nini hiyo?"

"Ni moyo wako. Na jibu ni ndiyo, umenikumbuka. Hivi siku ukiniambia jambo moja kwa moja si nitazimia?"

"Ndiyo maana sisemi, roho yangu. Nakuhurumia."

Wote wawili wakacheka, lakini kicheko cha Fundi kilikuwa na kijiba ndani yake. Fumbo la mapenzi ni tamu mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu mtu anataka kusikia.

Ndipo ikaja barua. Mji mwingine, siku mbili kwa treni, mtaa mzima wa nyumba za kale unataka kurudishiwa kuta zake. Walimtaka Fundi, tena si kama fundi mmojawapo: awe mkuu wa mafundi wote, miaka miwili. Jibu litolewe Jumatatu asubuhi. Alimsomea Mtunzi barua hiyo Jumatano, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za chemchemi, na akasubiri. Alikuwa akisubiri neno moja tu, nalo halikuwa neno juu ya kazi.

Mtunzi alifuta miwani yake. Akaifuta tena.

"Ni nafasi nzuri," alisema.

Ningekuwepo ningemfinya.

Si kwamba hakuwa na neno. Usiku huo huo alitunga kijitabu cha nakala moja tu, na mama yake, ambaye ndiye hushona vijitabu vyote pale kibandani, akakishona kwa uzi mwekundu bila kuuliza. Ijumaa kikafika mkononi mwa Fundi, jaladani kimeandikwa: Jumamosi, saa nane, uende peke yako. Mwisho wa njia utanikuta.

"Mwanamume gani huyu anayemzungusha mtu kama barua isiyo na anwani?" aliuliza dada yake Fundi, muuguzi, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili. "Si aseme tu?"

"Dada, ndivyo alivyo."

"Haya, vaa lile gauni la kijani. Kama ni kuchumbiwa, uchumbiwe umependeza."

Gauni la kijani, viatu vya chini, simu imezimwa. Kila fumbo lilimpeleka mahali ambapo waliwahi kusimama: chini ya dirisha la piano, kwenye ngazi za chemchemi, kwa yule mbwa wa jiwe. Fundi alitembea polepole kama mtu anayesoma ukurasa asiotaka uishe, na alipofika kwenye fumbo la mwisho moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Lilisema hivi: Hesabu madirisha ya ukuta wa bluu. Kisha anzia kona, hesabu milango idadi hiyo hiyo. Wa mwisho usukume, uko wazi.

Akahesabu. Sita.

Mtunzi alikuwa amehesabu saba. Na mimi na wewe tukisimama pale tutahesabu saba. Lakini la mwisho, upande wa kulia, si dirisha. Waliojenga nyumba ile waliona upande huo uko mtupu, wakaupamba kwa lipu: fremu, mbao za kufungia, mpaka bawaba, kila kitu isipokuwa tundu. Kwa mpita njia ni dirisha lililofungwa. Kwa fundi wa lipu ni ukuta, na fundi hahesabu ukuta.

Mlango wa sita, kwa bahati iliyo mbaya kuliko zote, nao ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na ua wa mtu anayekodisha viti vya harusi. Viti vyeupe, mamia, vimepangwa mpaka juu ya kichwa, na utepe wa dhahabu kwenye migongo. Fundi aliweka mkono mdomoni. Kumbe! Kumbe ndiyo maana ya njia yote hii! Akateremsha kiti kimoja, akakiburuta kivulini, akakaa, akalainisha gauni magotini. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo.

Nyuma ya ukuta, nyuma ya mlango wa saba, katika bustani ndogo ya maktaba ya zamani, Mtunzi alikuwa akizunguka mlimau mmoja, amevaa shati jeupe la kitani, pete mfukoni, akikohoa kila alipofikiria namna ya kuanza. Alisikia kiti kikiburutwa upande wa pili. Fundi alisikia mtu akikohoa, akadhani ni mlinzi. Kati yao palikuwa na unene wa ukuta tu. Walikaa hivyo kwa muda wa saa mbili.

Angekuwa mtu mwingine, angeliangalia fumbo upya. Lakini Fundi alimwamini mno Mtunzi: huyu hakosei, kanileta kwenye viti vya harusi kwa makusudi, kisha hakutokea. Labda alifika mlangoni, akaniona nimekaa na gauni langu, akaogopa. Na Mtunzi alimwamini mno Fundi: huyu hajawahi kushindwa fumbo, kwa hiyo amelijua, na kama hakuja ni kwamba hakutaka. Saa kumi na moja Fundi alikirudisha kiti alipokitoa, akaondoka. Mtunzi alibaki mpaka bustani ilipofungwa.

Jumapili Fundi ndiye aliyepiga simu.

"Hujambo?"

"Sijambo. Wewe?"

"Mzima. Nilitaka kukuambia kwamba jana nimekuelewa."

"Najua. Wewe huelewa kila kitu."

Dada aliyekuwa akipiga pasi akageuka.

"Kesho asubuhi nasaini," alisema Fundi.

"Hongera, Fundi."

Si mpenzi, si roho yangu. Fundi.

"Ahsante, Mtunzi."

Akakata, akaingia chumbani, akalia na mto mdomoni ili dada asisikie. Dada alisikia. Jumatatu alipotoka zamu ya asubuhi, kabla hata ya kuvua sare yake nyeupe, alikwenda moja kwa moja kibandani na kugonga meza kwa kiganja mpaka penseli zikaruka.

"Wewe, shemeji wa uongo! Mtu mzima unamweka mdogo wangu kwenye viti vya harusi saa mbili, kama mzigo uliosahauliwa stesheni, halafu unampa hongera?"

"Viti gani, dada?"

"Usinifanye mtoto! Viti! Vyeupe! Mlango wa sita!"

"Wa sita?"

Mtunzi alitoka kibandani hivyo hivyo, hata kofia hakuchukua. Alikimbia, na dada, ambaye amesimama wodini tangu alfajiri, akakimbia nyuma yake akimtukana. Fundi alikuwa juu ya jukwaa langoni, anapaka ukuta wake mkono wa mwisho.

"Fundi! Ukuta wa bluu una madirisha mangapi?"

Hakugeuka. "Sita."

"Saba!"

"Sita. Ukuta huo naujua vizuri."

"Nimehesabu mara tatu. Na lile la mwisho kulia?"

Mwiko ukasimama hewani. Akageuka taratibu.

"Ulilihesabu lile?"

"Lina fremu!"

"Halina tundu!"

"Lina mpaka bawaba!"

"Bawaba za lipu, mpenzi!"

Neno lilikuwa limemponyoka, na hakulirudisha. Watembezi watatu wenye vijitabu vya manjano walikuwa wamesimama wanasikiliza, mmoja akaandika saba, akafuta, akaandika sita.

"Mlango wa saba," alisema Mtunzi huku akihema. "Bustanini. Tangu saa nane mpaka walipofunga."

"Yule aliyekuwa akikohoa..."

"Ni mimi. Na aliyekuwa akiburuta kiti?"

"Ni mimi. Na niliyelia Jumapili nzima ni mimi pia, kama unataka hesabu kamili."

Mtunzi alishika ngazi ya jukwaa kwa mikono miwili. Uso wake ulionyesha anatafuta pa kuanzia, na Fundi alimjua.

"Mwisho wa fumbo kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na... tuseme kuna mtu anabeba duara..."

"Mtunzi. Usinitafutie mfano. Sema kama unavyoagiza mkate dukani."

 Mtunzi alivua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Nakupenda. Nataka nikuoe. Na nataka usiende."

 Macho ya Fundi yalijaa machozi, lakini sauti ilitoka imara.

"La kwanza nalijua. La pili, ndiyo. La tatu, hapana."

"Hapana?"

"Nimesaini saa mbili asubuhi. Na sikuisaini kwa hasira. Hata ungefika Jumamosi ningesaini, pete ikiwa kidoleni. Miaka kumi napaka lipu kuta za watu wengine, mpenzi. Huo mtaa ni wangu."

Mtunzi alimwangalia. Kwa mara ya kwanza hakuona fumbo pale, aliona mwanamke aliyesema anachotaka na sasa anaogopa jibu. Akatoa simu, akapiga.

"Mama? Nikisafiri miaka miwili, kibanda utakiweza peke yako?"

"Kwani mwezi wa tatu huu nimekuwa nacho na nani?" sauti ya mama ilisikika mpaka juu. "Si ulikuwa unashinda chini ya jukwaa? Nenda na mke wako. Na ukifika, nipigie useme umefika. Usiniulize kitendawili."

Mtunzi akaanza kupanda. Hakuwahi kupanda jukwaa maishani mwake na alipanda vibaya, mguu ukitafuta kipandio kisichokuwepo, watu chini wakipiga kelele. Fundi aliinama, akamshika mkono, akamvuta. Vidole vyake vilikuwa vimejaa chokaa mbichi, na pete, iliyokuwa mfukoni mwa Mtunzi tangu Jumamosi, ilikwama katikati ya kidole. Wakaisukuma wote wawili mpaka ikaingia.