Michi Miwili, Picha Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Falonne alimenya ndizi. Alikaa kwenye kibao kidogo nyuma ya nyumba yao huko Mangobo, mjini Kisangani, akizikata ndizi kubwa za kijani ncha zote mbili, akizichana kwa kisu na kuzivua maganda. Mama yake alizichemsha katika sufuria pana. Zilipoiva, alizimwaga ndani ya kinu, na wakati huohuo jirani yao, Mama Jafari, aliingia uani akiwa na mchi wake begani.

Wanawake hao wawili walitwanga ndani ya kinu kimoja. Mmoja alipoinua mchi, mwingine alishusha wake, wala michi yao haikugongana. Ndizi zililainika hadi zikavutika. Kisha walipaka mafuta viganjani, wakafinyanga mabonge ya lituma na kuyapanga kwenye masinia ya kupeleka sokoni.

"Mama Falonne, leo unachelewa. Mchi wako bado umelala?" Mama Jafari alimtania mwenzake.

"Mimi nachelewa? Wewe ndiye unatwanga kama mtu anayeogopa kukiamsha kinu."

Alasiri, Falonne alihudhuria klabu ya filamu katika kituo cha vijana cha mtaa wao. Mwalimu wa klabu, Sadrack, ambaye watoto walimwita Tonton, yaani mjomba, aliishi kwa kupiga picha za harusi, lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa filamu za maisha halisi, zile zinazoonyesha watu wa kweli wakifanya mambo yao ya kweli, bila waigizaji. Kituo kilikuwa na simu chache zenye kamera nzuri, na wanafunzi walipewa kwa zamu.

"Kila mmoja atatengeneza filamu fupi kuhusu kazi inayofanywa mtaani kwake," Tonton Sadrack aliwaambia. "Jumamosi ijayo tutazionyesha hapa ukumbini. Watu wote wamealikwa."

Falonne alijua papo hapo atampiga nani picha. Kesho yake aliwapiga picha mama yake na Mama Jafari wakitwanga. Lakini jioni alipozitazama picha hizo hakuridhika. Kila alipotaka kuuona uso wa mama yake, bega la Mama Jafari lilipita mbele. Alimwazia mama yake peke yake, mkubwa juu ya shuka jeupe la kuonyeshea filamu, ukumbi mzima ukimtazama. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo akazifuta picha zote.

Asubuhi iliyofuata aliisogeza kamera karibu na kinu.

"Mama Jafari, samahani, unaweza kusogea kidogo upande ule?"

"Hapa, binti yangu?"

"Kidogo tena. Tena. Hapo. Ila usiache kutwanga."

Mama Jafari alitwanga akiwa amenyoosha mikono na kupinda mgongo, ili mwili wake usiingie kwenye picha. Hakulalamika. Alidhani kamera ingegeuzwa upande wake baadaye. Mama Falonne naye alidhani hivyohivyo. Kamera haikugeuzwa.

Ilipofika kazi ya kukata na kuunganisha picha, ambayo Tonton Sadrack aliiita montaji, Falonne aliondoa kila sehemu ambapo mkono wa Mama Jafari ulionekana, hata kivuli chake. Kisha akarekodi sauti yake mwenyewe: "Kila asubuhi, mama yangu hutengeneza lituma peke yake, kwa mikono yake miwili." Alipoisikiliza, aliipenda.

Siku hizo hizo Mama Jafari alikuwa amemwambia kila mtu sokoni kwamba Jumamosi ataonekana kwenye filamu. Alituma habari hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa dada yake mkubwa, Nyota.

Jumatano wanafunzi walikusanyika kutazama filamu zao kabla ya siku yenyewe. Jafari, mtoto wa Mama Jafari, alionyesha filamu yake kuhusu fundi wa baiskeli, na wenzake wakampigia makofi. Kisha ikaja zamu ya Falonne. Uso wa mama yake ulijaa ukutani, jasho likimetameta kwenye paji. Mchi ulipanda na kushuka. Ilikuwa picha nzuri, na Falonne alikaa wima kabisa kwenye kiti chake.

Tonton Sadrack alikunja uso kidogo. "Tuirudie," alisema. "Safari hii fumbeni macho. Sikilizeni tu."

Wakafumba macho. Ndani ya giza hilo, kila mtoto aliusikia mlio anaoufahamu tangu utotoni: tu-ta, tu-ta, tu-ta.

Yannick, ambaye hakuweza kukaa kimya kwa muda mrefu, alifungua macho. "Falonne, mama yako ana mikono mingapi? Huyu anayetwanga hapa ana mikono minne."

Darasa likacheka. "Kweli," mwingine alisema, "tunaona mchi mmoja, lakini tunasikia miwili."

Jafari peke yake hakucheka. "Mchi wa pili ni wa mama yangu," alisema. Akachukua mfuko wake, akatoka nje.

Falonne alihisi masikio yake yanawaka. Tonton Sadrack hakumkaripia. Aliwaruhusu wengine kwenda nyumbani, akavuta kiti na kukaa karibu naye.

"Nieleze. Kwa nini Mama Jafari hayumo?"

"Ulisema filamu nzuri ina mtu mmoja wa kumfuata, tonton."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Labda sikueleza vizuri." Alifikiri kidogo. "Bon, sawa. Na neno 'peke yake' katika filamu yako, nililisema mimi pia?"

Falonne alitazama chini. "Hapana."

"Filamu hii siwezi kuionyesha Jumamosi. Ukileta nyingine kabla watu hawajaingia, nitaionyesha. Utakavyofanya, amua mwenyewe."

Nje ya mlango Yannick alikuwa akimngoja. "Usilie. Hiyo ni kazi ndogo," alimnong'oneza. "Mwambie mama yako atwange peke yake, urekodi sauti, kisha uiweke juu ya picha zako. Nani atajua?"

Falonne aliona njia imefunguka. Alikimbia hadi nyumbani, akamkuta mama yake akiosha masinia.

"Mama, naomba utwange kidogo. Wewe peke yako."

"Saa hizi? Nitwange nini?"

"Hata maganda tu. Nahitaji sauti ya mchi mmoja."

Mama aliweka sinia chini. "Mchi mmoja wa nini, Falonne?"

Falonne alijaribu kueleza bila kueleza. Alisema habari za simu kujaa, za bega lililoziba picha, za mtu mmoja wa kufuata. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kuiona filamu. Falonne akaiwasha. Mama aliiona sura yake, na kwa muda mfupi akatabasamu. Kisha sauti ya binti yake ikasema "peke yake", na tabasamu likaondoka.

"Nimezeeka kidogo," alisema polepole. "Lakini umenipiga picha vizuri. Nimependeza. Sasa nikuulize. Mwaka aliozaliwa mdogo wako Bonheur, mimi nililala hospitali. Nani alitwanga hapa?"

"Sijui, mama."

"Mama Jafari. Yeye ndiye alikuwa peke yake. Aliuza masinia yangu pamoja na yake, na wateja walipouliza, aliwaambia, 'Hili ni lituma la Mama Falonne.' Hakulifuta jina langu hata siku moja. Na mimi leo, mbele ya watu wa Mangobo, nikae nikipigiwa makofi kwa kazi ya mkono wake?"

Sasa Falonne alielewa kwamba alitaka kumpa mama yake heshima, na badala yake alikuwa amemfanya mwizi.

"Siwezi kutwanga maganda kwa ajili hiyo," mama alisema. "Nenda kwa jirani. Mimi sitakwenda badala yako."

Mama Jafari alikuwa nyumbani kwake, akipiga pasi kitenge cha bluu. Makaa ndani ya pasi yalikuwa mekundu. "Karibu, binti yangu," alisema. "Tazama, hiki ndicho nitavaa Jumamosi. Dada Nyota ananiambia amepata na watu wa kuja naye."

Falonne alibaki amesimama mlangoni. "Mama Jafari, huonekani kwenye filamu. Nilikuondoa. Nilisema mama yangu anafanya kazi peke yake. Naomba unisamehe."

Pasi ilisimama. Mama Jafari aliinyanyua haraka ili kitenge kisiungue, akaiweka kwenye jiwe.

"Jafari aliingia hapa akakataa kula," alisema. "Nikajua kuna neno." Alikikunja kitenge taratibu. "Siku ile nilinyoosha mikono mpaka mabega yakauma. Nilijiambia, mtoto anajua anachofanya, ana elimu ya mambo haya. Sasa nitamwambia nini dada yangu? Kwamba nimetwanga nje ya picha?"

"Nataka kuipiga upya. Kesho asubuhi, ukikubali. Sitakuomba usogee."

Mama Jafari alikiweka kitenge kando. "Kesho tunatwanga kama kawaida," alisema mwishowe. "Ukiwa na kamera yako, utatukuta."

Alfajiri Falonne alikuwa wa kwanza uani. Aliweka kamera pale pale pa zamani, akaona ya kwamba bega la Mama Jafari bado lingeziba. Akajaribu upande wa pili, jua likamchoma machoni. Mwishowe alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ua, akapiga magoti, akaishusha simu karibu na ardhi. Kutoka pale kinu kilionekana katikati, na wanawake wawili wakasimama pande zake kama nguzo za mlango. Sura zao zilikuwa ndogo kuliko mwanzo, lakini michi yote miwili ilionekana ikipanda hadi juu.

Jafari aliingia akiwa na simu nyingine ya kurekodi sauti.

"Asante kwa kuja," Falonne alimwambia.

"Sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya sauti. Ile ya kwanza ilikuwa na kelele za pikipiki."

"Ni kweli," Falonne alikiri. Jafari akachutama karibu na kinu, na baadaye, walipoisikiliza kazi yao pamoja, alisahau kwamba bado alikuwa amekasirika.

Akina mama nao walisahau kamera. "Mama Jafari, usinitazame mimi, tazama kinu," mmoja alisema.

"Nakutazama kwa sababu unaiba mapigo. Mimi napiga mara moja, wewe unapumzika mara mbili."

"Napumzika kwa sababu nafikiri. Lazima mmoja wetu afikiri."

Walicheka mpaka wakaacha kutwanga, na Falonne hakuikata sehemu hiyo. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe, aliandika mengi, akayafuta, akabaki na haya tu: "Hawa ni mama yangu Micheline na jirani yetu Nuru. Wanatwanga lituma pamoja tangu sijazaliwa."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watoto wakakaa sakafuni. Mama Jafari alikaa katikati na kitenge chake cha bluu, dada yake Nyota upande mmoja na Mama Falonne upande mwingine. Filamu ya Falonne ilipoanza, minong'ono ikaisha. Michi ilipanda na kushuka juu ya shuka jeupe, na kiti kimoja baada ya kingine, watu wakaanza kutikisa vichwa kwa mapigo yale. Utani wa akina mama ulipofika, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha majina mawili yakaonekana, makubwa, moja kando ya jingine.

"Nuru," Nyota alisoma kwa sauti. "Wameandika jina lako, mdogo wangu." Mama Jafari alikuwa ameushika mkono wa Mama Falonne.

Watu waliomba irudiwe, ikarudiwa. Makofi yalipotulia, Tonton Sadrack alisimama mbele ya wanafunzi wake.

"Falonne ameniruhusu niwaambie kwamba hii ni filamu yake ya pili," alisema. "Ya kwanza ilikuwa na picha nzuri sana, na ilikuwa ya uongo, kwa sababu mtu mmoja alisukumwa nje. Anayesimulia habari za watu ana nguvu kubwa. Anaweza kumfanya mtu asiyetazamwa atazamwe na wote, na anaweza pia kumfuta mtu aliyefanya kazi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kupiga, jiulizeni: nani amesimama nje ya picha yangu, na nani amemweka huko? Ukikosea, rudi upige upya. Falonne amerudi, ndiyo maana leo najivunia kuwa mwalimu wake."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma alinyanyua mkono. "Huyo Falonne ni mtoto wa nani? Tumwone."

Mama Falonne alitaka kusimama, lakini jirani yake alimtangulia. Mama Jafari alinyoosha kitenge chake, akamwita Falonne aje mbele, akamshika begani.

"Ni mtoto wetu," aliuambia ukumbi. "Mimi na huyu mwenzangu."