Kanda Iliyopakwa Mafuta

Kila asubuhi kabla ya shule, Akiru alifagia uwanja wa nyumba yao Kakuma, akachota maji, kisha akamsaidia nyanya yake, Ata Abei, kupaka shanga zake mafuta ya mbuzi. "Tukiziacha zikauke, kamba itakatika," Ata alizoea kumwambia.

Ndani ya sanduku, kando ya Biblia, Ata alihifadhi kanda moja ya kaseti. Humo marehemu mumewe, Erupe, aliimba wimbo wa kumsifu maksai wake, dume alilolipenda kuliko ng'ombe wote. Redio yao ya kanda ilikufa zamani, na Akiru, aliyezaliwa baada ya mazishi, hakuwahi kuisikia sauti ya babu yake.

Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba maktaba ya umma ya Lodwar inahamishia kanda na picha za zamani kwenye kompyuta.

"Jumanne tunaenda," Ata akasema. "Nimemwomba Mungu nisife kabla huyu mtoto hajamsikia babu yake."

Akiru alitaka kusaidia. Aliitoa kanda kwa siri, akaona utepe wake umekauka na kushika vumbi. Basi akauvuta kidogo, akaupaka mafuta ya mbuzi kama shanga, akaurudisha ndani kwa kalamu. Utepe ukagandana. Akairudisha kanda sandukuni, asimwambie mtu.

Kule Lodwar, mhudumu wa maktaba aliwapokea kwa uchangamfu. Aliitwa Chelangat.

"Ejoka, mama!" akamsalimu Ata kwa Kiturukana.

"Ejok-nooi, binti yangu."

"Kuna mtu amewahi kuifungua hii kanda?" Chelangat akauliza, akiipokea.

"Hapana," Ata akajibu. "Imekaa sandukuni tu."

Akiru alitazama vidole vya miguu yake. Chelangat akaitia kanda kwenye mashine, akanyoosha kidole kubonyeza.

"Usibonyeze!" Akiru akapaza sauti. "Niliipaka mafuta!"

"Mafuta ya nini?"

"Ya mbuzi."

Mzee aliyekuwa akisoma gazeti akacheka. "Haki ya Mungu! Huyu alitaka kuikaanga!"

Ata hakucheka. "Umenyamaza tangu Kakuma?"

"Niliona imekauka, Ata. Halafu nikaogopa."

"Heri umesema," Chelangat akasema. "Ingezunguka hivyo, mashine ingeutafuna utepe wote. Vuta kiti. Tutafanya kazi."

Mchana kutwa Akiru alishika utepe huku Chelangat akiufuta polepole kwa kitambaa laini. Mgongo ulimuuma, jasho likamtiririka, lakini hakuinuka. Ata aliketi kando yao, midomo ikisali.

Hatimaye Chelangat akabonyeza. Ukasikika mlio wa kukwaruza, kisha sauti nzito ya mwanamume ikajaa chumbani, ikimsifu maksai mwenye pembe pana. Mzee wa gazeti akavua kofia. Pale palipopakwa mafuta, sauti ikazama. Ata akafumba macho, akayaimba mwenyewe maneno yaliyopotea, mpaka sauti ya mumewe ikarudi na kumpokea.

Akiru alilia waziwazi.

Chelangat akahifadhi wimbo kwenye kompyuta, akauandikia jina la babu na la kijiji chake, kisha akampa Ata nakala kwenye flashi ndogo. Ata akaifunga kwenye shanga zake.

"Mjukuu wangu," akasema, "mkono wako ulikosea kwa kupenda. Kunyamaza kwako ndiko kulikotaka kumzika babu yako mara ya pili. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza. Na Jumapili utasimama kanisani, uwaambie watu walete kanda zao huku."

"Nitasema, Ata."

"Useme na habari ya mafuta."