Mstari wa Pili

Sokoni Kashaulili siku ya Jumamosi hata kuku wanagombea njia. Romana alipita katikati ya mafungu ya dagaa na marobota ya mitumba, kajifunga kitenge cha njano kilichomkaa mpaka wauza nyanya wakasahau bei, kifuani kakumbatia projekta ya shule kama mtoto mwenye homa. Akasimama kwenye kibanda cha fundi simu.

"Kaka, hii inawaka ila haionyeshi kitu."

Kijana aliyeinamia simu iliyofumuliwa akainua uso. Mrefu, mweusi wa kung'aa, fulana nyeupe, mwanya katikati ya meno. Huyo ndiye Ndaki, mtoto wa mfugaji wa Mwamkulu aliyekimbia kuchunga ng'ombe akaja mjini kuchunga simu za watu.

"Hii haiumwi, dada. Imekosa tu mtu wa kuibembeleza."

"Basi ibembeleze. Watoto wa darasa la tano wananisubiri."

"Unawawekea sinema?"

"Historia ya hapahapa kwetu. Kila kundi linamhoji babu au bibi, halafu wanatengeneza slaidi zao wenyewe."

"Na mwalimu wao, kutengeneza slaidi anajua?"

Romana akaangalia pembeni. "Anajifunza."

Ndaki akacheka mpaka muuza chumvi akageuka. "Projekta nitaitengeneza leo. Mwalimu nitamtengeneza taratibu."

"Wewe! Koma!" Lakini alikuwa anacheka, na jamani, ukishacheka na fundi mwenye mwanya, umekwisha.

Basi Ndaki akawa anakuja shuleni mchana, baada ya masomo. Watoto walimpenda kinoma. "Nyie sikilizeni," aliwaambia. "Bofya moja, mstari mmoja. Mkimwaga maneno yote kwa pamoja, mtu anamaliza kusoma, anasinzia. Mpeni kidogo, muacheni na hamu." Weee! Herufi zikaanza kuruka kama panzi. Bibi wa mtu akaingia kwenye slaidi kichwa chini miguu juu. Binti mmoja, Doto, aliweka sauti ya makofi kwenye picha ya babu yake marehemu, Romana akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ndaki alikuwa anamwangalia yeye, slaidi hazioni.

Jioni ilikuwa simu.

"Umekula, Mpimbwe wangu?"

"Nimekula wali. Sisi ndio wenye mpunga. Nyie Wasukuma endeleeni na maziwa."

"Utayanywa tu hayo maziwa, tena kwa goti. Kwetu mkamwana anapiga goti. Baba mkwe hamwangalii usoni, na mbele za watu hamjibu. Anainamisha kichwa, mwingine anamsemea."

"Mkamwana? Nani kasema mimi mkamwana?"

"Baba atakuja siku ya maonyesho," Ndaki akasema, sauti imeshuka. "Nimemwambia kuna mtu nataka amuone."

Romana aliikumbatia ile simu usiku kucha. Hakusema, ila moyoni alishajiita mke wa mtu.

Siku yenyewe darasa lilijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Mzee Abednego, baba yake Ndaki, alikaa mbele na koti lake la kijivu, fimbo katikati ya magoti. Romana alivaa gauni refu la bluu, kajitanda kanga mabegani kwa heshima ya mzee. Watoto wakapanda kundi kwa kundi, makofi yakapigwa. Ikafika zamu ya Kalisti, ambaye babu yake ni Mpimbwe mkulima. Akabofya. Maneno yakaja yakicheza ukutani, na Kalisti akayasoma kwa sauti ya juu:

"Wasukuma walikuja na ng'ombe wengi, wakala mpunga wetu."

Na umeme ukakatika.

Giza, kelele, watoto wanapiga miluzi. Ndaki akachomoka mbio kwenda kuwasha jenereta la kanisa la jirani. Kalisti mstari wa pili ukampotea, midomo inacheza, sauti haitoki. Ndipo mzee Abednego akasimama, akaongea taratibu, na darasa zima likanyamaza.

"Mwalimu. Haya ndiyo mnayowafundisha watoto? Kwamba sisi ni walaji?"

Romana alikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa, limoto. Lakini huyu alikuwa baba mkwe, na mbele za watu mkamwana hajibu. Akapiga goti. Akainamisha kichwa. Akasubiri mtu amsemee.

Nani amsemee? Aliyejua kuwa huyu ndiye mkamwana yuko nje, anavuta kamba ya jenereta.

"Mwalimu mwenyewe kanyamaza," mzee akasema. "Basi nimejibiwa." Akatoka, akapanda bodaboda. Ndaki aliporudi na mikono ina mafuta, aliambiwa baba kaondoka kwa hasira. Akamfuata hukohuko Mwamkulu, slaidi hata hakuziona.

Simu ililia jioni.

"Romana, ulimfanya baba nini?"

"Ndaki, nisikilize kwanza..."

"Kasomewa tusi mbele ya watu! Kakuuliza, ukamnyamazia!"

"Si wewe ulini..."

"Mimi nilikwambia unyamazie matusi? Kumbe ndivyo mnavyotuona? Walaji?"

Romana alikuwa amelia tangu mchana, macho yamevimba, roho imechoka. Neno likamtoka, na neno likitoka halina hatamu.

"Kwani uongo? Ng'ombe wenu hawakula shamba la baba yangu? Tulilala njaa mwaka ule, Ndaki! Tulilala njaa!"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, namba haikupatikana. Alipotuma ujumbe, ulibaki na tiki moja. Kablokiwa.

Mvua zikaanza, zikakolea. Romana akawa anafundisha, anarudi chumbani, anakula nusu sahani. Sokoni alipita njia ya nyuma ili asikione kile kibanda.

Kumbe kompyuta ya shule iliharibika, mwalimu mkuu akaipeleka kwa fundi aliyemzoea. Ndaki akaitengeneza, akafungua kitu cha kwanza alichokiona ili aijaribu. Ilikuwa kazi ya Kalisti. Akabofya, ule mstari ukaja, akauma meno. Akabofya tena.

"Mwaka wa njaa wakatugawia maziwa yao. Babu anasema bila hao, sisi tusingekuwepo."

Ndaki alikaa chini kwenye vumbi la kibanda chake mwenyewe. Kisha akaibeba kompyuta mpaka Mwamkulu.

Simu iliyomfikia Romana kwanza ilikuwa ya mzee. Alikuwa anafua, mikono ina povu.

"Mayu, mama yangu, ni mimi Abednego. Nimeonyeshwa yote. Nilikuhukumu kwa maneno nusu."

Hata kwenye simu, Romana aliinamisha kichwa.

"Sema, mayu. Unaweza kusema na mimi." Mzee akakohoa. "Mimi si mkwe wako tena. Nilipeleka ng'ombe wa mahari Kasekese, kwa binti anaitwa Lucia. Kijana naye alikubali kwa hasira. Nisamehe."

Povu likakauka mikononi. Alichoweza kusema ni kimoja tu: "Shikamoo, baba."

Kesho yake Ndaki alimsubiri getini mwa shule, kakonda, fulana imemzidi. Wakatembea hadi karibu na soko bila kushikana mikono.

"Nilikufundisha kunyamaza," akasema, "halafu nikakuadhibu kwa kunyamaza."

"Na mimi nilikutupia njaa ya nyumbani kwetu. Wewe hukuhusika, ulikuwa mtoto."

"Sema neno moja tu, Romana. Neno moja, leo hii nawarudisha wale ng'ombe."

Alilitaka hilo neno. Mungu anajua alivyolitaka! Lilimpanda mpaka kooni.

"Lucia unamjua?"

"Nimemwona mara moja."

"Alifurahi?"

Ndaki akatazama chini. "Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja."

"Basi ng'ombe wakirudi, yule dada ataulizwa maisha yake yote ana kasoro gani. Na atajibu nini? Hajui hata alichokosa." Romana akavuta kanga mabegani. "Mimi hiyo nimeionja, Ndaki. Simpi mtu."

"Na sisi?"

"Nenda nyumbani."

"Mpenzi..."

"Nenda. Usije ukamnunia. Hajakosa kitu."

Ndaki alisimama katikati ya njia, bodaboda zinampigia honi kila upande, machozi yanamtoka mtu mzima mchana kweupe. Romana alitembea. Hakugeuka, kwa sababu angegeuka asingefika. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kusaga, pale ambapo mngurumo unakula kila sauti na wateja huongea kwa vidole. Akaegemea ukuta uliojaa unga, akalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia.