Seva ya Mlango

Haya yalimpata fundi Luqmani wa Singida mjini. Anayebisha akamuulize mwenyewe. Saa sita mchana aliingia chumba cha seva kisicho na dirisha, kutia viraka, yaani marekebisho ya programu, kwenye kiini cha mfumo wa seva ishirini na sita zikiwa kazini, bila kuzima hata moja. Ya mwisho ndiyo iliyoendesha kufuli la mlango. Alipoanza tu kuitia kiraka, kufuli likalia ka! Taa zikazimika, feni za kupoza chumba zikanyamaza moja baada ya nyingine, laptop yake nayo ikafa. Joto likaanza kumkaba.

Akampigia Rahma, mwenzake aliyekaa chumba cha pili mbele ya skrini.

"Rahma, nifungulie! Nitakufa humu!"

"Acha utani, kaka. Kila nikifungua, unafunga."

"Nafunga na nini? Laptop imezima!"

"Sasa hizi amri zinazoandikwa hapa kwa jina lako ni za nani? Hiyo hapo, umefunga tena."

Mkono mmoja wa Luqmani ulishika simu, wa pili kitasa. Nyuma yake, gizani, vitufe vya kibodi ya laptop yake vilikuwa vikibonyezwa, kimoja kimoja, bila haraka.