Vipimo vya Kwaya

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kuokota pini zilizoanguka, na kuiweka simu ya mama kwenye chaji. Jina hilo la utani alipewa na marehemu bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuwahi kufanya jambo polepole. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado aliweza kuvaa sweta huku anakimbia.

Kazi mbili za kwanza alizimaliza mara moja. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na mambo. Alijikunja nyuma ya marobota ya vitambaa, simu ikiwa bado kwenye waya, akapakua gemu. Alianza na ya magari, ikaja ya kupanga matofali, kisha ya kulisha paka. Muhula ulipokaribia kwisha zilikuwa sita, na mama hakujua hata moja.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na matumizi yake ya simu hiyo. Mafundi wengine huandika vipimo vya wateja daftarini. Yeye alisema hajapata kuona mtu mwenye mikono mitatu, miwili ya kushika tepu na mmoja wa kushika kalamu. Basi aliiweka simu mezani irekodi sauti, akapima huku akisema. "Mwalimu wa kwaya. Kifua mia moja na nne, na hapo amebana pumzi." Mteja alicheka, na kicheko nacho kikaingia humo humo. Siku ya kukata, Fundi aliisikiliza ile sauti, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

Sauti moja haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya bibi siku alipopimwa gauni lake la mwisho, miezi michache kabla hajafariki. Fundi alipozidiwa na uchovu aliifungulia, na kile chumba kidogo kikajaa maneno ya yule mzee: "Pima taratibu, mwanangu, mimi si mto wa kochi." Kisha kilifuata kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Chapuchapu aliweza kuigiza yote, hata kikohozi.

Jumatatu moja Fundi alimaliza kuwapima akina mama ishirini na watatu wa kwaya, waliotaka magauni ya buluu ya kuimbia Jumapili ya wiki iliyofuata. Alipofika kwa wa mwisho simu ikagoma, ikasema haina nafasi. Ikabidi avichore vipimo vya yule mama kwa chaki juu ya meza. Wateja walipoondoka alimuuliza binti yake kama kuna kitu amekiweka kwenye simu.

"Hapana, mama," alisema Chapuchapu, na mama akaamini.

Mama alipotoka kwenda kununua nyuzi, Chapuchapu aliichukua simu na kuzivuta zile picha sita za gemu hadi zikatoweka kwenye uso wa simu. Alidhani amezifuta. Hata hivyo simu iliendelea kulalamika kwamba imejaa. Akaingia mahali mafaili yanapokaa, akakuta safu ndefu ya mafaili yasiyo na majina, tarakimu tupu. Akajiambia kwamba hayo ni makombo ya gemu. Kufungua faili moja kungemchukua sekunde mbili, lakini hakufungua. Aliyachagua yote, akayafuta, kisha akalimwaga na pipa la taka la simu ili asiache alama yoyote. Mama aliporudi, simu ilikuwa nyepesi. Alifurahi, akamwambia jirani kwamba simu yake imepona yenyewe.

Kesho yake Chapuchapu alimkuta mama ameketi sakafuni. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetandazwa chumba kizima, mkasi juu yake, na hakikuwa kimekatwa popote. Mama alikuwa anabonyeza simu, anaiweka chini, anaiokota, anabonyeza tena.

"Sauti zote zimepotea," alisema bila kuinua kichwa. "Hata ya mama haipo."

Chapuchapu alielewa papo hapo zile tarakimu zilikuwa nini: zilikuwa tarehe. Mama akaanza kujilaumu kwamba labda alibonyeza vibaya, kwamba macho yake siku hizi hayamwambii ukweli. Chapuchapu alisimama na mkoba mgongoni, akamwacha ajilaumu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Walikwenda kwa fundi simu, mtu mpole aliyefanya kazi ndani ya kibanda kisichozidi ukubwa wa kabati. Akaifungua simu kwenye mipangilio, akasoma orodha ya programu: magari, matofali, paka. Zote sita zilikuwepo, zimekaa kwa raha zao.

"Huyu aliyesafisha ameondoa kibao cha mlangoni," alisema. "Wapangaji bado wamo ndani." Akauliza ni nani aliyeishika simu. Mama akajibu kwamba ni yeye peke yake.

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke. Alimtazama mama aliyekuwa anabeba lawama isiyo yake, machozi yakamtoka.

"Ni mimi," alisema. "Gemu ni zangu. Na sauti nimezifuta mimi."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Aligeuka tu, akatazama barabarani. Fundi simu alijaribu kwa waya na kompyuta karibu saa nzima, mwishowe akatikisa kichwa. Lau pipa lisingemwagwa, alisema, angezirudisha kwa dakika moja. Kisha akamtaka Chapuchapu aziondoe gemu kwa kidole chake mwenyewe: afungue mipangilio, aguse jina la programu, afute data zake, halafu aiondoe. Baada ya hapo atafute folda yenye jina la gemu hiyo, na kabla ya kufuta faili lolote alifungue, alione au alisikilize. Asilolijua aliache, aulize. Chapuchapu aliziondoa zote sita. Ziliondoka kirahisi mno, na hakuona faida yoyote, kwa kuwa sauti hazikurudi.

Nyumbani mama aliketi mbele ya cherehani na kuliacha gurudumu limetulia. Chapuchapu alimwomba msamaha, akamwomba tena. Mama akasema amesikia. Kila akijaribu kuikumbuka sauti ya mama yake, alisema, anakisikia kikohozi tu. Chapuchapu aliondoka pale akaenda kulia nyuma ya marobota, mahali pale pale alipokuwa akichezea gemu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya. Mama alichukua tepu, akampa Chapuchapu daftari. "Utawaambia wewe," alisema. Chapuchapu alisimama mbele ya wale akina mama, akaeleza kila kitu, uongo wake ukiwa wa kwanza. Wengine walimhurumia, wengine walinung'unika. Mama alipima, yeye akaandika. Watano hawakuwepo, wakawafuata kazini kwao, mmoja sokoni, mwingine jikoni kwa tajiri wake, hadi daftari likafika ishirini na wawili. Wa ishirini na tatu alikuwa bado yupo mezani, kwa chaki.

Magauni yaliisha Jumamosi ya wiki ya pili, vidole vya Fundi vikiwa vimechomwa kila mahali. Kesho yake kwaya iliimba, watu walipiga makofi, na mwalimu wa kwaya akaja kushukuru. Mama alitabasamu kidogo tu.

Jumapili hiyo alasiri alifungua sanduku, akatoa gauni la mwisho la bibi, akalilaza mezani.

"Andika," alisema.

Alipima mabega, kifua, kiuno, kila kimoja akikisema polepole. Kisha akaiweka tepu chini.

"Mwanangu, ungeniambia siku ile kwamba ni gemu, tungekaa hapa wawili tukafuta gemu, basi. Ulichofuta kwa kutokujua ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ila ulikuwa unafuta ili nisijue, na anayefuta kwa kujificha hana nafasi ya kutazama anachofuta. Ukikosea, sema. Na cha mtu usikiguse kabla hujakijua."

"Nimeelewa, mama."

Mama akaendelea na urefu wa mkono, halafu urefu wa gauni. Chapuchapu aliandika taratibu, tarakimu moja moja, akirudia kila moja kwa sauti ili mama ahakikishe. Walipofika mwisho wote wawili walinyamaza, pale ambapo kwenye ile sauti bibi alikuwa akicheka. Kisha mama akalikunja gauni na kulirudisha sandukuni.