Lesi Isiyo na Mlango

Lesi aliyoituma Jumatatu ilikuwa na safu kumi na saba. Alikuwa na hakika, maana alizihesabu kwa ncha ya penseli kabla hajakilaza kitambaa kwenye skana. Jumanne alipoifungua tena picha kwenye kompyuta ili aihifadhi, akakuta safu kumi na nane. Akasema ni macho, akaenda kunawa uso, akarudi. Kumi na nane. Alishukuru kwamba angalau zimeongezeka na hazikupungua, akafunga faili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza lesi za nguo zisizovaliwa na mtu mwenye mwili: magauni ya wahusika wa michezo ya kompyuta, shela za maharusi wa katuni. Huchukua kipande cha lesi ya kweli, akakipiga picha, akakisafisha uzi kwa uzi, kisha akatengeneza picha ya pili ya nyeusi na nyeupe inayoiambia kompyuta kwamba hapa pana uzi na hapa pana tundu. Kipande hicho kimoja hupangwa ubavu kwa ubavu, kama vigae, mpaka kijaze gauni zima. Fundi hodari ni yule ambaye lesi yake huwezi kuona kigae kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Yeye alikuwa fundi hodari, na huo uhodari ndio uliomponza.

Lesi hii ilikuwa ya marehemu mama yake. Mama alifuma kwa kulabu maisha yake yote. Pete yake ya ndoa ilikuwa imemlegea, basi kila alipovuta uzi kulabu iligonga pete: tik. Binti yake alipokuwa mdogo alizoea kupenyeza vidole kwenye matundu ya vitambaa vipya, akachapwa, akapenyeza tena, mpaka mama akachoka kuchapa, akambandika jina la Kidole. Jina hilo alilitumia mama peke yake.

Na katika kila kitambaa mama aliacha jicho moja la lesi bila kulifunga kwa uzi, dogo, pembeni.

"Huo ndio mlango," alikuwa akisema. "Ukifuma, roho yako inaingia kwenye uzi. Ukiziba pote, utatokea wapi?"

"Sema tu umekosea, Mama. Usiisingizie roho."

Mama alicheka mpaka kulabu ikamponyoka.

Kitambaa cha mwisho alikifuma akiwa kitandani, mgonjwa. Kidole alikuwa mbali, na kazi ya kukabidhi. "Maliza kwanza, mwanangu, nitakusubiri," mama alimwambia kwenye simu. Kidole alimaliza Ijumaa. Mama alikufa Alhamisi. Tangu hapo Kidole alikula, alilala, aliwajibu watu vizuri, lakini ndani alikuwa amekatika.

Baada ya miezi mitatu aliamua kumuenzi mama kwa njia aliyoiweza: lesi yake ivaliwe duniani kote. Tatizo likawa lile jicho. Alipopanga vigae, lilijirudia gauni zima kama tetekuwanga. Basi akaliziba kwa nyuzi alizonakili kutoka jicho la jirani. Hata dakika mbili hazikufika. Akamtumia mkuu wake kazi, akaenda kunywa chai.

Jumatano, upepo uliotoka kwenye feni ya kompyuta ulinuka kafuri, ile ambayo mama aliiweka sandukuni ili nondo wasile vitambaa. Safu zilikuwa ishirini na tatu. Alhamisi baba yake, ambaye tangu msiba aliishi naye, alisimama mlangoni pa chumba cha kazi akiwa na kikombe mkononi.

"Mama yako anafuma nini saa hizi?" aliuliza. Kisha akakumbuka, akaondoka, chai ikimmwagikia vidoleni.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali, redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mpira, na Kidole alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, waya wake ameuchomoa kwa mkono wake mwenyewe, ndipo aliposikia tik, halafu tik, si kwenye spika wala nyuma ya ukuta bali ndani ya kile kioo cheusi, pole pole, kama mtu asiye na haraka anayefuma kwa mazoea, na kila tik ilipolia kioo kilipata alama nyeupe nyembamba, uzi, kisha uzi, mpaka lesi ikakijaza pembe hadi pembe, na nyuma ya matundu yake kitu kikapita, kikarudi, kikapita tena, kikipapasa kila jicho kwa zamu kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

"Kidole?" sauti ilisema. "Mlango uko wapi, mwanangu?"

Alipaswa kukimbia. Alisogeza kiti karibu.

Kwa siku tisa alijifungia humo. Alimweleza mama yote ambayo hakuwahi kumwambia: kazi ile ilikuwa ya kijinga, ilikuwa mkanda wa gauni tu, angeweza kuiacha, angeweza kupanda gari usiku uleule. Alimwomba radhi. Mama hakujibu la radhi. Alisema lilelile kila mara, kwa unyonge: "Nikifika mwisho wa safu, nakuta ni mwanzo. Nimechoka, Kidole. Mlango uko wapi?"

Kidole alijifanya haelewi. Alikuwa ameelewa tangu siku ya kwanza.

Siku ya kumi baba alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa ubani.

"Nimetoa majini kwenye visima na kwenye magari," mganga alisema akivua viatu. "Mara moja kwenye friji. Kompyuta ndiyo kwanza. Haya, tulione hilo lako."

Alifukiza, akasoma, akaamuru kilichomo kijitaje. Tik zikanyamaza.

"Samahani kwa usumbufu," sauti ilisema. "Sikukusudia kuwaudhi. Nitafutieni njia tu nitoke."

Mganga alivua miwani. Akaanza kurudisha ubani mkobani.

"Jini likibanwa hutukana," alimwambia baba kwa sauti ya chini. "Huyu anaomba samahani. Mzee wangu, mimi natoa majini. Huyo ni mkeo."

Mganga alipoondoka, baba aliketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Umeuziba mlango wake?" aliuliza.

"Ulikuwa unaonekana, Baba. Ulikuwa unaharibu gauni."

"Basi ufungue."

"Akitoka sitamsikia tena." Kidole alianza kulia. "Alisema atanisubiri. Si ndiyo huyu amenisubiri?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," baba alisema, na yeye mwenyewe alikuwa akilia. "Nikikubembeleza leo tutalia wote watatu mpaka kiyama. Miaka arobaini na moja nilikaa naye, mwanangu, na siku ile anakufa nikamwambia nenda. Unadhani sikutaka kumshika mkono? Fungua."

Kidole alirudisha waya, akawasha. Safu zilikuwa zimepita mia. Akalitafuta lile jicho, akaanza kufuta uzi mmoja baada ya mwingine, na mkono ulimkataa mara mbili. Uzi wa mwisho ulipofutika, harufu ya kafuri ilijaa chumba, nzito, kisha ikapita kati yao kuelekea dirishani.

"Asante, Kidole," sauti ilisema, na chumba kikanyamaza. Safu zikarudi kumi na saba.

Baba alijikokota hadi kwenye kiti chake sebuleni. Kidole alibaki peke yake, mikono mapajani, na mlio mdogo wa ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa mkuu wake.

"Hongera! Lesi yako tuliitoa Jumatatu ileile. Imeshapakuliwa mara elfu kumi na moja. Wateja wanasifia kale kasauti ulikotia. Mmoja anauliza, Kidole ni nani?"

Aliandika: "Iondoeni. Yote."

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Iko kwenye mashine za watu. Kwani ina kasoro?"

Chini ya ujumbe palikuwa na video. Aliibonyeza. Bi harusi wa katuni alikuwa akizunguka taratibu, gauni lake lote lesi, hakuna jicho hata moja lililoachwa wazi. Tik. Tik. "Nikifika mwisho," mama alisema kutoka ndani ya gauni, "nakuta ni mwanzo. Kidole? Uko wapi?"

"Mwanangu!" baba aliita kutoka sebuleni. "Ameenda?"

Kidole alizima sauti. Bi harusi aliendelea kuzunguka.

"Ameenda, Baba."

"Basi apumzike," mzee alisema, na akalala pale pale kitini. "Alikuwa amechoka sana."