Pakiti ya Njano Juu ya Mashine ya Peng

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa vifuani na yaliyofungiwa ndani ya vyuma. Wahusika ni hawa: Peng Chih-wei, mhandisi, ambaye sasa ni marehemu, Tseng Yu-han, binti mwandishi wa programu huria, aliyeshukiwa, Hsieh, meneja wa kiwanda aliyekulia ng'ambo, na Inspekta Fan, mpelelezi wa mji wa Hsinchu.

Peng alikutwa saa moja asubuhi katika maabara ya kiwanda cha kadi za mawasiliano, zile ziunganishazo mashine na mtandao, kichwa kimepondwa. Juu ya mashine yake palikuwa na pakiti ya njano ya vitafunwa, mpya, haina hata kunyanzi.

Mlinzi alimtaja Yu-han kuwa mgeni wa mwisho usiku ule. Na nani asiyejua kisa chake? Miaka mitatu aliomba maelezo ya kadi ile ili mfumo huria wa kompyuta uweze kuiendesha, kiwanda kikamnyima.

"Ulikuja kuiba?" Fan aliuliza.

"Afande, ningekuwa mwizi ningeshamaliza kazi zamani." Yu-han alijibu. "Peng aliniita mwenyewe. Kadi ikipata joto hunyamaza bila kutoa taarifa, na kadi hizo zimefungwa kwenye mashine za wagonjwa mahututi. Aliahidi kunipa kurasa za maelezo leo, niandike programu ya kuziba kasoro."

"Kurasa ziko wapi?"

"Nilimwacha nazo mkononi jana usiku, akizikagua. Mzima."

Jioni ile angeshtakiwa kwa kuua. Fan akarudi maabarani, akaitazama pakiti. Kila mhandisi wa mji ule huweka ya kijani juu ya mashine ili itulie. Njano ni rangi ya hitilafu. Hata redio ya kituo cha polisi ilikuwa na yake ya kijani.

Akashuka kwenye duka lililo chini ya kiwanda.

"Kanunua bosi Hsieh, alfajiri," alisema mwenye duka. "Nikamwambia, 'Bosi, hiyo ya kula, si ya mashine.' Kanijibu, 'Rangi ni rangi tu, mama.'"

Gari la Hsieh likapekuliwa. Fan akaingia ofisini mwake.

"Ya kijani iko wapi?"

"Unanifunga kwa vitafunwa, Inspekta?"

"Kwa damu iliyo juu yake. Tumeikuta kwenye buti la gari lako, imepasuka."

Hsieh akakaa kitako. "Ilipasuka tukigombania kurasa. Mashine zote zina pakiti. Nikajua ikikosekana mtaulizana. Peng angezitoa kurasa zile, dunia ingejua tuliuza kadi mbovu, na tulijua ni mbovu. Nikampiga kwa chuma."

"Na kurasa?"

"Nimezichoma."

Yu-han aliachiwa kabla ya magharibi. Fan alimweleza yote mlangoni.

"Kiwanda si kina nakala nyingine?"

"Wanazo. Mawakili wao wameshasema ni siri ya biashara. Hospitali tumeziarifu, lakini hazina mashine nyingine za kubadilisha."

"Basi nitaihoji kadi yenyewe, kidogo kidogo, hadi nijue inavyofanya kazi. Itanila mwaka mzima."

Akaondoka kwa miguu, hakuaga.

Ewe Mwenye kuhifadhi, wahifadhi waliolala kando ya mashine zile, na mwaka wa binti huyu uufupishe. Amina.